Gobore la Septemba au Bunduki ya Oktoba?

Ukitaja gobore nyumbani, picha inayokuja kichwani ni ya meza ndefu kituo cha polisi, magobore yamepangwa kama kuni, na afande amesimama nyuma yake anayahesabu mbele ya kamera. Ni silaha ya jangili. Imechongwa na fundi wa kijijini kwa bomba la chuma, kitako cha mninga, na inapopiga hujui kama atakayeumia ni mnyama au mpigaji.

Sasa fikirieni mshangao wangu mimi, mtu niliyesomea wanyamapori hapo hapo Morogoro, chini ya Uluguru, kufika Marekani katika jimbo la Colorado kwa ajili ya shahada ya pili na kukuta serikali imetenga siku 9 katikati ya Septemba kuwa msimu wa magobore. Halali kabisa, kwa leseni na ramani, na askari wa wanyamapori wakikukuta nalo begani wanakusalimia na kuuliza umeona nini.

Wadau kadhaa wameniandikia wakitaka kujua kama ni kweli nawinda huku, na kama ni kweli mbona sijatuma picha ya pembe. Ni kweli. Pembe hakuna. Ila mwaka huu nimelazimika kuchagua kati ya msimu wa gobore na msimu wa bunduki za risasi, na uchaguzi wenyewe umenisumbua kuliko nilivyosumbuka kuchagua mada ya utafiti. Nadhani wanafunzi wa fani yetu watapata kitu hapa, na wasio wa fani watapata angalau la kucheka.

Kwanza mnyama mwenyewe. Anaitwa elki. Ni jamii ya paa wakubwa wenye pembe za matawi ambazo huanguka kila mwaka na kuota upya. Dume huwa na kilo 300 hivi, jike kama 220. Kwa wanyama wetu mweke katikati ya nyumbu na pofu. Jina lake lingine ni wapiti, neno la Washawnee, wenyeji wa asili wa nchi hii, maana yake ni tako jeupe. Mama nilipomwambia kwenye simu kwamba nafuatilia wapiti porini, alijibu, "Basi we waache wapite, mwanangu, usiwasumbue."

Colorado ina elki zaidi ya robo milioni, hakuna jimbo lingine linaloifikia. Lakini miaka mia moja na kidogo iliyopita walikuwa karibu kuisha. Waliwindwa kwa ajili ya soko la nyama wakati wa machimbo ya dhahabu na fedha, hadi mwaka 1913 na 1914 wakaletwa 49 kutoka eneo la Yellowstone hadi Estes Park ili kuanza upya. Arobaini na tisa! Ukiwa mwanafunzi wa uhifadhi, namba kama hiyo unaiandika ukutani. Na fedha ya kuwatunza kwa sehemu kubwa inatoka kwa wawindaji wenyewe, kupitia leseni na kupitia kodi ya bunduki na risasi iliyoelekezwa kwenye wanyamapori kwa sheria ya mwaka 1937. Huku hakuna kitalu cha kukodi. Msitu wa taifa ni wa umma, unaingia, unapiga hema, unawinda.

Misimu imepangwa hivi. Mishale inaanza mapema Septemba na kwenda mwezi mzima. Katikati yake zinaingia siku 9 za gobore. Kisha bunduki za risasi zina misimu minne, kuanzia katikati ya Oktoba hadi karibu na mwisho wa Novemba. Wa pili, ule wa mwisho wa Oktoba, ndio wenye watu wengi. Huwezi kuzurura katika yote. Leseni yako imeandikwa msimu, silaha, eneo na mara nyingi jinsia ya mnyama. Ukichukua dume kwa gobore, ukakosa, basi Oktoba unakaa nyumbani au unakwenda kubebea wenzako mizigo. Na huwezi kumpigia mwenzako mnyama kwa leseni yake, ni kosa. Leseni za gobore zote zinatoka kwa droo. Unaomba mwisho Jumanne ya kwanza ya Aprili, unaweka machaguo hadi manne, majibu yanatoka mwishoni mwa Mei au mapema Juni. Ukikosa chaguo la kwanza unapewa pointi ya kukusaidia mwaka unaofuata. Kwa bunduki ya risasi, maeneo mengi bado unaweza kununua leseni ya dume dukani tu kuanzia Agosti, kwa msimu wa pili na wa tatu, bila droo.

Bei? Mgeni wa jimbo analipa zaidi ya dola 600. Aliyeishi jimboni miezi 6 mfululizo analipa kidogo mno kulinganisha na hapo. Mimi nilifika Agosti 2022, kwa hiyo Februari 2023 nilikuwa tayari mwana-Colorado machoni pa idara ya wanyamapori. Kwa pesa ya posho ya mwanafunzi, ambayo inakumbusha bumu kwa kila namna ikiwemo kuisha tarehe 15, tofauti ile ndiyo iliyonifanya nianze kulifikiria jambo lenyewe.

Kuna kozi ya usalama wa uwindaji, lazima kwa kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949. Nilikaa darasani na watoto wa miaka 11 waliokuwa wananishinda kujibu maswali. Jirani yangu, ambaye ndiye aliyeniingiza katika mambo haya, alizaliwa 1947. Hajawahi kukaa kozi hiyo na anajivunia sana miaka yake miwili ya msamaha.

Huyu jirani nimemzoesha kuitwa Mzee. Mwanzoni alidhani ni tusi la umri. Nilipomweleza kwamba kwetu hata rais anaitwa hivyo, akalipenda, na sasa anajitambulisha nalo kwa wanafunzi wengine wa Kiafrika. Anaishi peke yake nyumba ya pili kutoka kwangu. Ana gobore moja, bunduki moja ya risasi yenye darubini, pikapu ya zamani, na friza kubwa iliyo kwenye banda la gari. Friza hiyo ikumbukeni, ina nafasi yake mbele.

Kabla sijashika chochote nilikwenda kusoma sheria, na hapa wanafunzi mnaopanga kuja huku mnisikilize. Mtu aliye Marekani kwa viza ya muda, ya mwanafunzi ikiwemo, kwa sheria ya shirikisho haruhusiwi kumiliki wala kushika silaha ya moto wala risasi. Kuna milango michache, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapa hapa Marekani. Yaani kile kikaratasi cha elki ndicho kinachokutofautisha na mtu wa kurudishwa kwao. Lakini kuna jambo la ajabu zaidi. Gobore la kushindilia kwa mdomo wa mtutu, linalotumia baruti nyeusi au mbadala wake na lisiloweza kutumia risasi ya kawaida, sheria hiyo ya shirikisho hailihesabu kuwa silaha ya moto. Inaliweka kwenye kundi la silaha za kale. Silaha ile ile ambayo kwetu inapangwa mezani na afande. (Majimbo yana sheria zao na vyuo vina kanuni zao kuhusu mabweni, kwa hiyo usije ukainukuu makala hii mbele ya hakimu. Uliza mwanasheria.)

Kwa hiyo mwaka wa kwanza sikuwa na uchaguzi wa kuumiza kichwa. Gobore lilinitia hofu kidogo kuliko bunduki, kisheria. Niliomba, nikapata.

Nikampigia babu yangu mzaa mama, yupo Sikonge. Yeye amekulia kwenye miombo, mrina asali na mwindaji, na alikuwa na gobore lenye kibali ambalo alilisalimisha polisi mwenyewe macho yalipoanza kufifia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Huko mnakula nini?"

Nikamweleza. Kimya. Halafu: "Mzungu anawinda kwa gobore? Kwani hana hela?"

Ilinichukua dakika kumi na vocha yote kumweleza kwamba wanapenda. Kwamba ni urithi wao, babu zao walivuka milima hii na magobore miaka ya 1820 na 1830 wakisaka ngozi za wanyama. Akaniambia hata kwetu ni urithi, maana Mirambo hakupigana kwa mikuki mitupu. Kweli kabisa. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha karne ya 19, magobore yao ya zamani yalimwagwa Zanzibar na kupanda na misafara hadi Unyamwezi. Kisha akaniuliza maswali ya kitaalamu ambayo kozi ya wale watoto haikuniuliza. Baruti mnapima kwa nini? Mnaziba kwa kitambaa au kwa nyuzi za kamba? Mdeki ni wa chuma au wa mti? Fataki zinapatikana dukani? (Fataki ya bunduki, sio yule wa matangazo ya redio.) Mwisho akasema: "Gobore moja, risasi moja. Ukikosa unarudi nyumbani kula mlenda."

Colorado wangekubaliana naye. Kanuni zao za gobore ni kali kwa makusudi. Kwa elki mtutu uwe wa kaliba 50 au zaidi. Darubini hairuhusiwi, unalenga kwa vilengeo vya chuma. Baruti iwe ya unga, zile zilizogandishwa kama vidonge marufuku. Risasi ziwe gololi ya duara au ya mchongoko tu, bila kuvishwa gamba la plastiki. Wanataka msimu huu ubaki mgumu, kwa sababu Septemba elki dume ni rahisi kupatikana. Wako kwenye kupandana, wanapiga kelele, akili imehama. Ukimpa mtu bunduki ya darubini wiki hiyo, madume wataisha. Mimi nilipoelewa hilo nililipenda, kwa sababu ni uhifadhi unaofanywa kwa kupunguza uwezo wa mwindaji badala ya kumzuia mlangoni.

Basi Septemba 2023 tulipanda pikapu, tukafuata korongo la mto Poudre, tukavuka Cameron Pass kwenye mita 3,132, tukashuka upande wa Walden. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ajiweke juu ya Mandara kidogo, kwenye hewa ile inayoanza kukudai. Miti ya aspeni imegeuka njano, usiku barafu kwenye ndoo, mchana fulana. Juu ya nguo zote unavaa kizibao cha rangi ya chungwa inayowaka, na kofia yake. Waridi pia inaruhusiwa. Sheria inataka hivyo kwa wa gobore na wa bunduki, wa mishale wamesamehewa, na ukiwaza kwamba mko msitu mmoja wiki moja unaanza kukohoa kwa makusudi.

Mzee hakuja kupiga. Vilengeo vya chuma vinataka macho matatu: moja la kuona pengo la nyuma, moja la kuona nukta ya mbele, moja la kuona mnyama. Macho yake yalishindwa zamani. Alikuja kuita. Ana kifaa kidogo cha mpira anakiweka mdomoni na kulia kama jike, sauti ya paka mwenye malalamiko, na bomba refu la kupigia mlio wa dume. Mlio wa elki dume mimi sina cha kuufananisha. Unaanza chini kama mtu anayeguna, unapanda hadi filimbi, unakatika. Asubuhi ya kwanza nilipousikia kwenye ukungu nywele za shingo zilisimama, na huyo alikuwa bonde la pili.

Nilikuwa na siku nne tu kwa sababu ya vipindi. Siku ya tatu jioni dume alijibu. Mzee yuko nyuma yangu mita hamsini, analia kijike, dume anajibu, anasogea, anavunja matawi. Alitokea ukingoni mwa uwazi, amesimama ubavu, pembe zimebeba nyasi alizozing'oa kwa hasira. Nilikuwa nimepima uwazi ule mchana kwa hatua. Alikuwa kwenye hatua 140.

Mimi na gobore lile tulikuwa tumekubaliana hatua 80. Hapo risasi zangu tano zilikuwa zinaingia kwenye sahani ya chai. Kwenye 140, nukta ya mbele ilikuwa inamfunika bega zima. Nilikaa nimelenga, naye amekaa anatafuta jike asiyemwona. Mzee akaendelea kulia. Dume akageuka, akaingia msituni taratibu kama mtu aliyeona foleni ya benki. Giza likaingia.

Nilipomweleza babu, alicheka hadi akakohoa. "Mlenda," akasema.

Oktoba mwishoni nilirudi na Mzee, safari hii mimi ni mbebaji, yeye ana leseni ya jike kwa bunduki. Ni dunia nyingine. Theluji imefika kwenye kifundo cha mguu. Hakuna mlio hata mmoja, kupandana kumekwisha, madume wamejificha kwenye misonobari minene wanarudisha mwili. Majike na ndama wako kwenye makundi wanashuka kufuata majani. Na watu! Kila njia ya msitu ina pikapu na hema. Kwenye kilima cha jirani kundi moja lilianza kufyatua saa moja asubuhi, risasi sita au saba kuelekea upande wa pili wa bonde, mbali mno. Tuliona jike mmoja akibaki nyuma ya wenzake, anachechemea. Wale jamaa walishuka wakatazama, wakapanda juu, wakaondoka.

Mzee hakusema neno. Alivaa begi lake akaanza kushuka. Tulifuata damu kwenye theluji kuanzia saa tatu hadi saa kumi jioni. Mwanzoni ni matone makubwa, baadaye nukta, baadaye ni alama ya mguu unaoburuzwa tu, mwisho zile alama zikaingia kwenye nyayo za kundi zima na hatukuweza tena kutofautisha. Mtu wa miaka 76, magoti mabovu, siku yake nzima ya uwindaji imekwenda kwa mnyama ambaye hakumpiga yeye. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia amepoteza mmoja mwenyewe, zamani, kwa gobore, kwenye hatua zisizofika 70. Mvua ilinyesha, baruti ikachelewa kuwaka, mtutu ukasogea.

Kwa hiyo wale wanaosema gobore ni la kiungwana na bunduki ni ya walafi, nawaelewa ila sikubaliani nao. Mwaka mzima nimesikia hoja hiyo mezani kwa wanafunzi wenzangu wa huku. Umbali mfupi haumhakikishii mnyama kifo cha haraka. Bunduki yenye darubini, mita 200, mwindaji amelala kifudifudi, bunduki juu ya begi, ni huruma kuliko gobore kwenye mita 90 na mikono inayotetemeka. Na kinyume chake ni kweli, darubini ndiyo inayomdanganya mtu kwamba bonde la mita 500 ni uwanja wa mpira. Silaha zote mbili zinamwachia mtu yule yule uamuzi ule ule.

Siku iliyofuata Mzee alipiga jike, mita 190 kwa kipimo cha leza, risasi moja, akaenda hatua kama 20 na kulala. Kazi iliyofuata ilikuwa yangu. Kuchuna kwenye baridi ile mvuke unapanda kama jikoni. Paja moja la nyuma na mfupa wake ni kama mfuko wa nusu wa saruji, na gari liko kilomita mbili na nusu, kupanda. Niliteremka na kupanda mara nne. Alama ya jinsia unaiacha kwenye nyama ili askari akague, nyama inayolika hairuhusiwi kuachwa porini. Ile friza ilijaa. Tulikula sote wawili hadi Februari, mimi nikipika kwa nazi ya kopo na pilipili, yeye akila na kutokwa jasho na kuomba tena. Pensheni yake naifahamu kwa sababu namsaidia kulipa bili kwenye kompyuta. Ile friza si mapambo.

Sasa mwaka huu. Nahitimu Desemba, narudi nyumbani. Nina msimu mmoja uliobaki na sina pointi hata moja. Moyo unataka Septemba. Unataka ule uwazi, ule mlio, dume aje hatua 60. Nataka kumpigia babu nimwambie sikula mlenda. Yeye ana miaka 84, na hakuna mtu mwingine katika ukoo wetu atakayeshika gobore kihalali akamsimulia. Wala sidhani nitapata tena maishani nafasi ya namna hiyo. Nikirudi, kazi yangu itakuwa upande wa pili wa ile meza ya polisi.

Lakini baridi hii jicho la Mzee lililokuwa zima limeanza kupata ukungu. Machi tulikwenda uwanja wa shabaha, akaweka jicho kwenye darubini, akakaa muda mrefu, akaondoa. Hakufyatua. Akafungua bunduki, akanipa, akasema atanunua leseni mwaka huu kama kawaida, ila yeye ataiacha mfukoni. Hakuniomba kitu. Wamarekani wa rika lake hawaombi. Aliuliza tu nimeamua kuomba msimu gani, huku anaangalia pembeni.

Nilikaa na hesabu kama ninavyofundishwa. Kwa wastani Colorado ni kama mwindaji mmoja kati ya watano anayerudi na elki. Dume kwa gobore, siku nne za mwanafunzi, macho ya kwanza ya umbali wa hatua 80: najua nafasi yangu ni ndogo kuliko hiyo. Jike kwa bunduki, msimu wa pili, na mimi nalijua lile bonde wanamoshukia: ni kubwa zaidi. Kiikolojia nako, ukitaka kupunguza kundi unachukua majike, dume mmoja hapungui kitu. Kuna baridi kali ya 2022 kuingia 2023 iliyoua elki wengi kaskazini magharibi mwa jimbo na leseni zikakatwa, kwa hiyo eneo nalo lazima ulichague kwa akili. Upande wa Septemba kulikuwa na hoja moja nzito. Gobore linampa Mzee kazi. Masikio na mdomo wake vizima, anaita kuliko kijana yeyote. Oktoba atakuwa amekaa kwenye pikapu na chupa ya kahawa, akisubiri redio.

Nilimweleza hiyo hoja. Akaniangalia kama nimesema jambo la kitoto. "Mlio hauliwi," akasema.

Basi nimeomba jike, bunduki, msimu wa pili, chaguo la kwanza. Nikikosa kwenye droo nitanunua leseni ya dume dukani Agosti, kwa msimu huo huo. Utetezi wa tasnifu ulikuwa uwekwe wiki ile ile, nimemwomba msimamizi wangu tusogeze hadi katikati ya Novemba. Aliuliza sababu, nikamwambia ukweli, akasema katika miaka yake yote ya kufundisha wanyamapori hiyo ndiyo sababu ya kwanza aliyoamini. Jumamosi zote nipo uwanja wa shabaha na ile bunduki, mita 100, kisha 200, sivuki hapo. Leseni ikitoka itakaa kwenye mfuko wa shati, si kwenye begi, kwa sababu mnazozijua. Gobore nimelisafisha kwa maji ya moto na sabuni, nimelipaka mafuta, liko ukutani kwa Mzee.

Kwa babu nilipiga Jumapili. Nilianza kuzunguka, namweleza habari za jicho, friza, droo, namba. Akanikatiza.

"Kwa hiyo ni jike?"

"Ndiyo babu. Na si kwa gobore."

"Oktoba majike wananona," akasema. "Ini usiwaachie mbwa."